KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Kung'arisha Magurudumu ya Alumini kwa Gharama Ndogo

Mwezi huu tutasema habari za kazi ambayo vijana wa Chanji na wa mitaa mingine ya Sumbawanga wameiulizia mara nyingi, nayo ni kung'arisha magurudumu ya motokaa yaliyofanywa kwa alumini. Motokaa nyingi zinazofika kwetu zimekwisha tumika Japani, na nyingi katika hizo zina magurudumu ya alumini, ambayo mafundi huyaita rimu. Yakiwa mapya hung'aa hata mtu aweza kujiona uso. Lakini baada ya miaka ya mawe, ya matope ya masika na ya vumbi la kiangazi, hupata mikwaruzo na madoa meupe, na vanishi yake hubabuka kama ngozi ya kitunguu. Mwenyewe huona haya, huenda dukani kuuliza bei ya mapya, kisha hurudi kimya.

Basi mtu huyo asikate tamaa. Kwa msasa, maji, sabuni na mikono yenye subira, magurudumu hayo yaweza kurudishiwa uzuri wake hapo hapo uani, wala hapana haja ya mashine. Ila liko neno moja ambalo twapenda msomaji alishike kabla ya yote. Kung'arisha si kuongeza kitu, bali ni kupunguza. Kila mara msasa unapopita, alumini kidogo huondoka wala hairudi tena. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Tena gurudumu si pambo la mezani. Juu yake hukaa baba, mama na watoto, nalo huteremka pamoja nao mlima wa kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Kwa hiyo kazi hii ina sehemu mbili, kuchunguza na kung'arisha, na kuchunguza hutangulia. Mtu akibadili utaratibu huo, aweza kuificha hatari chini ya uzuri, na hapo litatimia neno la wahenga: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

ALUMINI NI KITU GANI

Sisi watu wa Ufipa si wageni wa kazi ya madini. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu, ambazo zilivuta upepo zenyewe pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo hakikupelekwa moja kwa moja kufanywa jembe. Kilitiwa kwanza katika tanuru ndogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa pili. Wazee walijua ya kuwa kazi ya madini huenda kwa daraja, na ya kwamba mwenye kuruka daraja hupata jembe bovu. Kazi hiyo ya tanuru ilikoma katika karne ya 20, lakini funzo lake lingali lafaa.

Alumini, tofauti na chuma, ni kitu kipya duniani, ingawa imejaa katika udongo kila mahali. Katika gamba la dunia hakuna madini ya kufanyia vyombo yaliyo mengi kuliko hayo. Lakini yameshikamana na hewa ya oksijeni kwa nguvu sana, hata moto wa mkaa hauwezi kuyatenga. Mdenmarki Hans Christian Ørsted ndiye aliyeyatoa mara ya kwanza, mwaka 1825, nayo yalikuwa kidogo mno. Kwa miaka mingi baadaye alumini ilikuwa kitu cha thamani kubwa. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara mkubwa wa ukumbusho wa George Washington, waliuweka kilele kidogo cha alumini kama watu wengine wangaliweka fedha. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wakagundua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Tangu hapo bei ikashuka, na leo kila nyumba ina sufuria ya alumini.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Ukipima chuma na alumini za ukubwa mmoja, chuma hukaribia uzito mara tatu wa alumini. Ndiyo sababu mwaka 1924 Bugatti ya namba 35 ilipotokea katika mashindano ya Lyon, Ufaransa, ilikuwa na magurudumu ya alumini ya kusubu, jambo geni siku zile. Lakini alumini tupu ni laini mno kwa kazi hiyo. Huchanganywa na vitu vingine, hasa silikoni na magnesi kidogo, kisha gurudumu hutiwa katika joto kali, hupozwa ghafula majini, na kuwekwa tena katika joto dogo kwa saa kadhaa ili likomae na kupata ugumu. Siri hiyo ya alumini kukomaa baada ya kupozwa iligunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm yapata mwaka 1906. Msomaji na aikumbuke siri hii, maana tutairudia tutakaposema habari za moto.

Jambo la mwisho juu ya tabia yake ni hili. Alumini ikikwaruzwa, mara hiyo hiyo hewa hufanya juu yake utando mwembamba sana usioonekana, nao huilinda isiliwe ndani. Chuma kina kutu inayokila. Alumini ina kutu inayoilinda. Lakini utando huo haustahimili vitu vikali kama magadi au tindikali, wala chumvi. Mama aliyepika mboga kwa magadi katika sufuria ya alumini anajua jinsi sufuria inavyogeuka nyeusi. Gurudumu nalo ni vivyo hivyo.

KWANZA: TAMBUA ULICHO NACHO

Chukua sumaku ndogo, hata ile ya redio mbovu, uiweke juu ya gurudumu. Ikishika kwa nguvu, gurudumu lako ni la chuma. Hilo hupigwa rangi, halisuguliwi kutafuta mng'ao, kwa maana litapata kutu juma hilo hilo. Isiposhika, ni alumini. Hata hivyo tazama tena. Yako magurudumu ya alumini yaliyopakwa kromu, yenye mng'ao wa kioo na rangi ya samawati kwa mbali. Hayo usiyapige msasa kamwe, kwa sababu kromu hubanduka vipande vyenye makali kama wembe, na chini yake hutapata uso sawa. Yaoshe tu kwa sabuni.

Kisha lifungue gurudumu kwa uangalifu. Motokaa isimame mahali pa tambarare, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki. Legeza nati kabla ya kupiga jeki, maana gurudumu likiwa hewani litazunguka, nawe utaitikisa motokaa juu ya jeki. Ikiisha kuinuka, weka gogo imara chini ya mwili wake. Wala mtu asiingie uvunguni kwa kutumainia jeki peke yake. Fungua gurudumu moja tu kwa wakati mmoja, na mahali pake utie la akiba.

Lioshe kwa maji mengi na sabuni, mbele na nyuma. Vumbi jeusi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe kwanza, kwa kuwa pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu.

PILI: TAFUTA UFA

Hapa ndipo moyo wa kazi yote. Watu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa gurudumu la alumini hauzibwi kwa rangi, wala kwa gundi, wala kwa msasa. Tena sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui: alumini ni laini, na msasa ukipita juu ya ufa mwembamba huivuta alumini kidogo na kuufunika mdomo wa ufa, kama mtu anayepaka udongo juu ya mpasuko wa ukuta. Ufa hautoki, unafichwa tu. Baada ya kung'arisha, hata fundi hodari aweza kuutazama asiuone. Kwa hiyo mtu asiyechunguza kwanza amejinyima nafasi yake iliyo bora ya kujua ukweli.

Tazama sehemu tatu: ukingo wa ndani, ambao ndio hupigwa na mashimo ya barabara na hautazamwi na mtu, mizizi ya mikono inayotoka katikati kwenda ukingoni, na matundu ya nati. Kama tairi lilikuwa likipungua upepo pole pole wala msumari haukuonekana, uwe na mashaka zaidi.

Iko njia ya zamani ya kufichua ufa, iliyotumiwa na mafundi wa reli kabla ya vyombo vya siku hizi, nayo gharama yake ni ndogo sana. Haja yake ni mafuta ya taa kidogo na chaki ya shuleni. Likaushe gurudumu vizuri juani. Kisha paka mafuta ya taa kwa brashi mahali pote unapopashuku, uyaache kwa nusu saa. Mafuta hupenya penye ufa hata uwe mwembamba kama unywele. Baada ya hapo yafute yote kwa kitambaa kikavu mpaka uso uwe mkavu kabisa. Saga chaki iwe unga laini, uinyunyize juu yake kama vumbi, uingoje. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hurudi nje, na katika ule weupe wa chaki utaona mstari wa rangi ya maji. Kazi hiyo ifanywe mbali na jiko na mbali na sigara.

Ukiona mstari, simama hapo. Gurudumu hilo kazi yake imekwisha, ijapokuwa sehemu zote nyingine ni nzuri. Usipoona mstari, usijivune kupita kiasi. Nyufa nyingine ni nyembamba mno kwa dawa hii. Kama gurudumu limepindika, au lilipigwa shimo kwa kishindo, lipelekwe kwa fundi wa magurudumu alitazame kabla hujatia msasa.

VITU VITATU VILIVYOKATAZWA

Cha kwanza ni moto. Wako watu wanaoliweka gurudumu juu ya mkaa ili rangi ya zamani iungue upesi, au ili walinyoshe kwa nyundo. Kumbukeni ile siri ya kukomaa. Ugumu wa gurudumu ulipatikana kwa joto lililopimwa. Joto lisilopimwa huuondoa ugumu huo, wala macho hayawezi kuona tofauti. Gurudumu laonekana lile lile, kumbe limekuwa laini ndani. Tena alumini huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi, nayo haibadiliki kuwa nyekundu kwanza kama chuma kinavyofanya, basi haitoi onyo. Mama aliyesahau sufuria tupu juu ya mkaa wenye nguvu anaweza kutusimulia habari hiyo.

Cha pili ni dawa kali. Magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki soda, huila alumini kwa kishindo, hutoa povu na hewa inayoshika moto, na huunguza macho. Maji ya betri nayo yasiguswe. Hata jivu la jikoni likilowana lina ukali wa namna ya magadi. Laweza kusugua sufuria upesi na kuoshwa, lakini likiachwa juu ya gurudumu hulitia madoa.

Cha tatu ni msasa au brashi ya waya iliyokwisha kutumika kusugua chuma. Punje za chuma hukwama ndani ya alumini iliyo laini, na mvua ikinyesha utaona madoa ya kutu katika gurudumu lisilojua kutu.

TATU: KAZI YA MSASA

Neno hili msasa tulilirithi. Ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Leo msasa ni karatasi yenye punje ngumu, na ajabu ni kwamba punje za misasa mingi ni alumini yenyewe iliyoungana na oksijeni, ile ile ifanyayo utando tuliousema. Mwaka 1921 kampuni ya Minnesota Mining and Manufacturing ya Marekani ilianza kuuza msasa usioharibiwa na maji, ili wapaka rangi wa motokaa wapone na vumbi. Huo ndio tunaouita msasa wa maji, nao ndio tunaoutaka kwa kazi hii.

Nyuma ya karatasi imeandikwa namba. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na msasa ni mkali. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Kwa gurudumu lenye mikwaruzo ya mawe, nunua namba 320, 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Kama mikwaruzo ni mirefu na yenye kina, ongeza 240. Kama hapana mikwaruzo bali madoa tu, anza na 600, kwa sababu kanuni ni hii: anza na msasa ulio laini kuliko yote iwezayo kuondoa kasoro uliyo nayo. Usiondoe alumini bure.

Usinunue vifaa vya magurudumu manne kwa siku moja. Nunua karatasi moja ya kila namba, uzikate vipande vinne vinne, ufanye gurudumu moja. Kisha andika ni vipande vingapi vilitumika na namba ipi ilikwisha upesi. Hapo ndipo utakapojua matumizi ya matatu yanayobaki, nawe hutatupa fedha kwa karatasi zitakazolala kabatini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vitu vingine u navyo nyumbani: ndoo mbili, sabuni, vitambaa vya pamba vya fulana kuukuu, na mswaki uliochakaa wa kupitisha penye pembe.

Ikiwa tairi bado limo, punguza upepo kidogo, kisha chomeka vipande vya karatasi ngumu kati ya tairi na ukingo, ili msasa usiligwaruze tairi. Vile vipande vidogo vya risasi vilivyobandikwa ukingoni visitolewe. Ndivyo vinavyoliweka gurudumu sawa linapozunguka. Kimoja kikitoka, gurudumu lipelekwe kupimwa upya.

Vanishi ya zamani yaweza kutolewa kwa dawa ya kutolea rangi, ukiwa nje penye upepo na mikono ukiwa umeivika glavu. Au yaweza kusuguliwa kwa msasa, ambayo ni njia ya polepole lakini rahisi. Ikiisha, penye ncha zilizoinuka ukingoni pitisha tupa laini, kidogo tu, mpaka ncha zilale. Shimo lenye kina usilifuate mpaka chini. Afadhali kovu dogo libaki kuliko ukingo uwe mwembamba.

Sasa lowesha msasa katika maji yenye sabuni kidogo, usugue kwa mkono usiokandamiza. Msasa wa kwanza upitishwe upande mmoja, tuseme kulia na kushoto. Msasa unaofuata upitishwe kukata njia ya kwanza, juu na chini. Hivyo utaona wazi mistari ya msasa uliotangulia, nawe usihamie namba nyingine mpaka mistari hiyo imekwisha yote. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Huona uchovu kwenye 400, wakaruka mpaka 1500, wakidhani msasa laini utafuta makosa ya msasa mkali. Haufuti, huyang'arisha tu, na juani kila mkwaruzo huonekana. Wazee wa kintengwe wasingeshangaa.

Kati ya namba na namba, osha gurudumu na ndoo pia, umwage maji ya zamani. Punje moja ya 320 iliyobaki ndani ya maji ya 1500 yaharibu kazi ya saa nzima. Na kusugua kwa maji kuna faida nyingine: unga mkavu wa alumini hushika moto, wala haufai kuvutwa kwa pua. Kwa sababu hiyo usiukusanye mkavu karibu na jiko, wala tope lake usilifungie katika kopo, kwa maana laweza kutoa hewa inayoshika moto. Mwaga tope shimoni, mbali na kisima.

Ziko sehemu ambazo msasa hauruhusiwi: uso wa nyuma unaokutana na motokaa, vikombe vya matundu ya nati, na mahali tairi linapokaa. Hizo zilipimwa kiwandani. Zisafishe kwa kitambaa, basi.

NNE: KUNG'ARISHA NA KULINDA

Baada ya 2000 gurudumu litakuwa laini, lenye rangi ya fedha iliyofifia. Likaushe. Chukua dawa ya kung'arishia vyuma, tone dogo juu ya kitambaa cha pamba, uisugue kwa mizunguko midogo, mahali padogo padogo. Kitambaa kitageuka cheusi kabisa. Usiogope, weusi ule ni alumini yenyewe. Sugua mpaka weusi upungue, kisha futa kwa kitambaa safi, na mng'ao utatokea. Asiyepata dawa aweza kutumia chaki iliyosagwa na kuchujwa kwa kitambaa, ikikandwa na maji ya sabuni. Ni ya polepole, lakini hufaa. Angalieni, tumesema chaki, si chokaa. Chokaa ni kali, nayo huila alumini.

Alumini iliyo wazi haitakaa inang'aa bila ulinzi, hasa masika. Hapo pana njia mbili, nawe huna budi kuchagua moja. Njia ya kwanza ni nta ya motokaa, inayopakwa nyembamba na kufutwa, na kurudiwa kila mwezi. Ni rahisi, nao mng'ao wake ni mkubwa. Njia ya pili ni vanishi isiyo na rangi. Lakini vanishi haishiki vizuri juu ya uso laini kama kioo. Basi mwenye kutaka vanishi aishie kwenye namba 400 au 600, aoshe, akaushe, asiguse kwa vidole vyenye mafuta, ndipo apake. Atapata uso usiong'aa sana, lakini hana kazi ya kila mwezi. Mwenye kuendesha kila siku katika matope atachagua ya pili. Mwenye nafasi na kupenda uzuri atachagua ya kwanza.

TANO: KULIRUDISHA

Futa uso wa nyuma wa gurudumu na uso wa motokaa linapokaa, pasiwe na mchanga. Tia nati zote kwa mkono kwanza, kisha uzikaze kwa kufuata pande zinazokabiliana, si kwa kuzunguka kama saa, ili gurudumu likae sawa. Shusha motokaa, ukaze tena. Halafu baada ya safari ya kilomita kama 80 au 100, ambayo ni kama kutoka Sumbawanga kufika Laela, simama uzikaze mara nyingine, maana uso uliosafishwa hujilaza na nati huweza kulegea. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa katika mlango wa dereva.

GURUDUMU LENYE UFA LIFANYWEJE

Sasa twarudi kwa yule aliyeuona mstari katika chaki. Hasara yake ni kubwa, hatukatai. Wakati huo sauti mbili zitasema naye. Moja itasema: ling'arishe vivyo hivyo, uliuze, mnunuzi hataona. Na ni kweli, mnunuzi hataona; tumekwisha eleza jinsi msasa unavyoufunika ufa. Huenda mnunuzi huyo ni jirani yako, au ni mwenye motokaa ya abiria ambayo kesho mama yako mwenyewe atapanda kwenda sokoni.

Sauti ya pili yasema: kate ukingo wake kwa msumeno, mbele ya watu, ili mtu asiweze kulitumia tena, kisha uliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa uzito wake. Hapo alumini haipotei. Kuiyeyusha ya zamani kwahitaji nguvu kama sehemu moja katika ishirini ya nguvu zinazohitajiwa kuitoa mpya katika udongo, na ndiyo maana hupata wanunuzi siku zote. Gurudumu lililokufa litakuwa kitu kingine chenye uhai.

Kijana anayetaka kufanya kazi hii kwa malipo, naye aanze na desturi hii: amwite mwenye gurudumu, atie mafuta ya taa na chaki mbele ya macho yake, ndipo ashike msasa. Itamchukua saa moja zaidi, na siku nyingine itamkosesha kazi. Lakini watu watajua ya kuwa gurudumu lililong'arishwa na mikono yake lilichunguzwa kwanza, na habari hiyo itavuka Chanji bila kupigiwa ngoma.